Mume wangu ana mkunjo kwenye ndewe, je moyo wake una maradhi?

Bi Mkubwa, assalaam alaykum.

Mimi ni msomaji wako wa Konde, Pemba. Nina miaka 38, watoto wanne, na naishi na mume wangu pamoja na mavyaa. Nakuandikia kwa sababu usingizi umenipaa.

Kwenye kundi letu la ukoo la WhatsApp imeletwa picha ya sikio, imejaa mistari na mishale. Chini yake wameandika kwamba sikio ndilo linalotoa siri za mwili: mkunjo kwenye ndewe ni dalili ya mishipa ya moyo iliyoziba, sikio likiwa jekundu figo zimechoka, nta ikiwa nyeusi ini limeharibika, na sikio likivuma ubongo unakosa damu. Usiku nikachukua tochi ya simu nikamtazama mume wangu akiwa amelala. Bi Mkubwa, mkunjo anao! Tena masikio yote mawili, mstari umekatiza ndewe kutoka juu mpaka chini. Ana miaka 52, na baba yake alifariki ghafla kwa moyo akiwa hajafika 60. Tangu siku hiyo namtazama kama mgonjwa. Nimempunguzia chumvi, nimemkataza kupanda mikarafuu, na yeye ananicheka.

Ni kweli kwamba sikio lenyewe nalo linamsumbua kidogo. Juzi Jumamosi aliamka akasema la kushoto limeziba na ndani linavuma kama jenereta. Haliumi. Simu akiiweka upande huo hasikii kitu, mpaka aihamishe. Msikiti wetu uko kushoto mwa nyumba, lakini yeye adhana anaisikia kama inatokea kulia. Anasema ni uchafu tu. Mavyaa alimpondea kitunguu thomu kwenye mafuta ya nazi yenye vuguvugu akamtia, na muuza duka la dawa akampa matone. Leo ni siku ya tatu. Hilo silihofii sana, maana hata watoto masikio huwaziba wakitoka kuogelea.

Kwa kuwa nimeshaanza kuandika, niseme yote. Mavyaa ana sukari ya miaka mingi. Sikio lake la kulia linamuuma wiki ya tatu sasa, usiku ndiyo zaidi mpaka analia, na linatoa majimaji. Yeye anasema ni upepo umemwingia. Na mimi nikilalia ubavu nasikia sikio likipiga dug dug sawa na moyo, na siku hizi nachoka hovyo. Wazee huku wanasema sikio likivuma ujue unasemwa. Mimi sijui nishike lipi.

Niambie, ile picha ni ya kweli? Na mkunjo unatibika?

Mwenye hofu, Konde

* * *

Waalaykum salaam, mwanangu.

Wasomaji wajue kwanza kwamba barua hii niliijibu siku ileile iliponifikia, kwa ujumbe wa simu wa mstari mmoja: mpeleke mumeo spitali leo, usingoje kesho. Baadaye ulinijulisha kwamba mlishuka Chake Chake, daktari akamchungulia masikio, akagonga uma wa chuma akamwekea kwenye paji la uso, kisha akaandika vidonge na karatasi ya rufaa ya kwenda spitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, kupimwa usikivu. Unasema mumeo bado anauliza ile haraka ilikuwa ya nini, na wewe bado unauliza habari za mkunjo. Leo nawajibu nyote wawili. Naanza na yeye.

Umeandika aya nzima juu ya ndewe, kisha ukaniambia kwamba sikio lenyewe "linamsumbua kidogo". Mimi nimefanya uuguzi miaka mingi kabla ya kushika kalamu hii, na barua yako niliisoma kuanzia hapo. Mtu mzima akiamka asubuhi sikio moja halisikii, hana mafua, hana usaha, wala haliumi, hiyo inahesabiwa dharura mpaka daktari aseme siyo. Kutouma ndiko kunakowapumbaza watu. Sikio linalouma hupelekwa spitali usiku huohuo, na lililonyamaza tu husubirishwa mpaka baada ya mavuno.

Sikio hupoteza usikivu kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya njiani: nta imejaa, maji yameingia, au mafua yamejaza majimaji nyuma ya ngoma ya sikio. Sauti inafika lakini haipiti vizuri. Njia ya pili iko ndani kabisa, kwenye sikio la ndani au kwenye mshipa wa fahamu unaoipeleka sauti kwenye ubongo. Huko hakuna kitu kilichoziba hata kidogo, ila mgonjwa naye husema vilevile: "limeziba". Mumeo alisema uchafu kwa sababu ndivyo alivyohisi, na simlaumu.

Usikivu ukipotea ghafla kwa njia hii ya pili huondoka haraka, kwa saa chache au ndani ya siku tatu, na takriban mara zote huwa ni sikio moja. Wengi hugundua wanapoamka au wanapopokea simu. Mvumo huja pamoja nao, na wengine hupata kizunguzungu. Sababu mara nyingi haijulikani. Madaktari hushuku virusi au damu kutofika vizuri kwenye vile vimishipa vyembamba vya ndani. Baadhi ya watu hurudiwa na usikivu wenyewe bila dawa, lakini huwezi kujua mapema kama wewe ni miongoni mwao. Kwa hiyo hupewa dawa za jamii ya steroidi, kama prednisoloni, na dawa hizo hufaa zaidi zikianza katika siku za mwanzo. Wiki mbili zikishapita, matumaini yanapungua. Sasa nyinyi pigeni hesabu ya kawaida yetu huku: siku tatu za kitunguu thomu, wiki ya matone, wiki ya pili ya kungoja nafuu, na wiki ya tatu ya kutafuta nauli ya boti. Haraka yangu ilikuwa ni hiyo.

Kuna jaribio dogo ambalo kila nyumba inaweza kulifanya. Mgonjwa afunge mdomo na avume kwa sauti nene, "mmmm", kisha asikilize sauti yake inakwenda sikio gani. Ikisikika zaidi kwenye sikio lililoziba, kuna uwezekano tatizo ni la njiani, nta au majimaji. Ikikimbilia sikio zima, shaka iko kwenye sikio la ndani, na hapo hakuna kulala. Ule uma wa daktari ulikuwa unauliza swali hilohilo, kwa usahihi zaidi. Jaribio hili halimwondoi mtu kwa daktari, linamharakisha tu.

Na hiyo adhana yake ya kutokea kulia isikutie khofu ya mambo mengine. Ubongo hujua sauti inatoka wapi kwa kulinganisha masikio mawili. Moja likizimika, kila sauti huonekana inatoka upande wa lile zima. Amwangalie sana barabarani mwenye bodaboda anayetokea kushoto, maana atamtafuta kulia.

Vidonge avinywe asubuhi baada ya kula, kwa idadi aliyoandikiwa, mpaka mwisho wake. Asiviache katikati kwa sababu hajaona mabadiliko siku ya pili. Dawa hizi hupandisha sukari na presha, kwa hiyo apimwe vyote viwili wakati anazitumia. Nakuomba sana kibweta cha dawa zake kikae mbali na mavyaa. Nazijua nyumba zetu, mtoto akipewa vidonge vya sikio na mama naye sikio linauma, watagawana. Mama mwenye sukari akizinywa hizo kienyeji ataishia kulazwa.

Karatasi ya Mnazi Mmoja msiiweke chini ya godoro. Hata kama usikivu utarudi wote, kipimo kinatakiwa ili ijulikane umerudi kiasi gani. Tena kwa watu wachache chanzo huwa ni uvimbe unaokua polepole kwenye mshipa wa usikivu, ambao si saratani lakini unataka kujulikana mapema, na daktari ndiye atakayeamua kama apigwe picha ya MRI. Usikivu usiporudi, kuna vifaa vya kusaidia kusikia, na ule mvumo wengi huuzoea kadiri ubongo unavyoacha kuushughulikia.

Ikiwa pamoja na sikio mdomo utakwenda upande, maneno yatakwama, mkono au mguu utalegea, au kizunguzungu kitamzuia hata kusimama, hapo hatuzungumzii sikio tena. Hicho kinaweza kuwa kiharusi. Mtoke usiku huohuo, hata kwa gari ya kuazima.

Kuhusu mafuta ya kitunguu thomu, mpe mavyaa heshima yake, mkono wake ulikuwa wa huruma. Lakini kitunguu thomu kibichi huchoma ngozi, na ngozi ya tundu la sikio ni nyembamba sana. Kama ngoma ya sikio imetoboka, mafuta hupita mpaka ndani. Na hata yasipodhuru, daktari akichungulia anaona mafuta matupu. Matone ya dukani nayo yana lawama yake. Yale yenye gentamaisini yakipita kwenye ngoma iliyotoboka yanaweza kuliumiza sikio la ndani, ndilo hilohilo tunalolinusuru. Mwenye duka asiyeweza kukuchungulia sikio asikupe tone.

Sasa mkunjo, maana najua bila huo hutalala.

Haukuzuliwa na kundi lenu. Mwaka 1973 daktari mmoja wa Marekani, Sanders Frank, aliandika kuhusu wagonjwa wake wachache waliokuwa na mkunjo kwenye ndewe na pia maradhi ya mishipa ya moyo. Tangu hapo watafiti wengi wameufuatilia. Baadhi wameona kwamba wenye mkunjo wanapatikana zaidi miongoni mwa wagonjwa wa moyo, wengine hawakuona tofauti ya maana. Tatizo ni kwamba mkunjo huongezeka na umri, na maradhi ya moyo nayo huongezeka na umri, kwa hiyo kuvikuta pamoja si ajabu. Wako wazee wengi wenye ndewe zilizokunjamana na mioyo mizima, na wako waliokufa kwa moyo wakiwa na ndewe laini. Hakuna daktari anayeutibu mkunjo wenyewe, na hauhitaji kutibiwa.

Kilichonishtua mimi kiko kwenye sentensi yako nyingine: baba yake alifariki ghafla kwa moyo kabla ya kufika miaka 60. Hilo lina uzito kuliko mikunjo yote ya ukoo wenu. Mwanamume wa miaka 52 mwenye baba wa namna hiyo apimwe presha, sukari na mafuta ya kwenye damu, aache sigara kama anavuta, na akihisi kifua kinabana anapopanda kilima, aseme. Chumvi uliyompunguzia iendelee hivyohivyo. Na mikarafuu umepatia kumkataza, ila kwa sababu usiyoijua: sikio la ndani ndilo linaloshika mizani ya mwili. Mtu aliyepata shida huko anaweza kushikwa na kizunguzungu wakati wowote, na juu ya mkarafuu hakuna pa kukaa chini. Asipande mpaka daktari amruhusu.

Yaliyobaki kwenye picha yenu nitayapitia mbiombio, hayastahili wino mwingi. Sikio hugeuka jekundu kwa jua, joto, aibu, hasira, au maambukizi ya ngozi. Figo hupimwa kwa damu na mkojo. Nta huwa nyeusi kadiri inavyokaa na kukusanya vumbi. Watu wengi wa Asia Mashariki wana nta kavu ya kijivu na sisi huku tuna ya mafuta, na tofauti hiyo ni ya kurithi, ini halina habari nayo. Mvumo nao una sababu nyingi za kawaida kuliko "ubongo kukosa damu": umri, nta, kelele za spika za harusini, visikizio vya simu vilivyofunguliwa mpaka mwisho, na dawa. Kwinini inajulikana kwa hilo, aspirini nyingi vilevile, na sindano za streptomaisini na gentamaisini zinaweza kuharibu usikivu moja kwa moja. Anayeanza kuvumiwa na masikio akiwa kwenye dawa amwambie aliyemwandikia. Ama la kusemwa, wazee waachieni, halimdhuru mtu alimradi lisimzuie kwenda spitali.

Nikuulize, mwanangu, kwa nini mavyaa umemweka mwisho wa barua?

Mzee mwenye sukari, sikio linamuuma usiku kuliko mchana, maumivu makali kuliko kinachoonekana kwa nje, linatoa majimaji, wiki ya tatu. Kuna maambukizi ya tundu la sikio yanayowapata hasa wazee wenye sukari, husababishwa na bakteria aina ya Pseudomonas. Hayaishii kwenye ngozi. Hupenya na kula mfupa ulio chini ya fuvu, na yakiachwa hupoozesha mshipa wa uso, mdomo ukaenda upande. Tiba yake ni antibiotiki za wiki nyingi pamoja na kuirudisha sukari chini, wala si matone ya dukani. Sisemi kwamba ndicho alichonacho. Nasema hicho ndicho kinachotakiwa kuondolewa shaka, tena wiki hii. Kabla ya hapo mtu asimpige maji ya bomba la sindano sikioni "kulisafisha", kwa sababu kwa wazee wenye sukari kuosha hivyo kumewahi kuwa ndiyo mwanzo wa balaa hilo. Wala vijiti vya pamba.

Atakapochunguzwa umwambie daktari kama anatafuna tambuu yenye tumbaku. Mavyaa atakukata jicho, lakini sema. Sikio, koo, ulimi na meno ya nyuma hushirikiana mishipa ya fahamu, kwa hiyo maumivu ya sikio wakati mwingine yanatoka kwenye jino bovu, kwenye bawaba ya taya, au kwenye kidonda cha mdomoni au kooni. Kwa mtumiaji wa tumbaku mwenye umri, sikio la upande mmoja linalouma wiki baada ya wiki ni sababu ya kuangaliwa mdomo na koo pia, kwani saratani ya huko inaweza kuanza kujitambulisha kwa njia hiyo. Majimaji yake yananifanya nielekee zaidi kwenye sikio lenyewe. Lakini kumwangalia mdomoni ni kazi ya dakika chache, na hakumgharimu kitu.

Mbebee daftari lake la kliniki ya sukari, na dawa zote anazotumia ziwe kwenye mfuko mmoja, pamoja na za miti shamba. Kama daktari atasema alazwe, msibishane naye mlangoni.

Umebaki wewe. Sikio linalopiga sawasawa na moyo halifanani na linalovuma. Wewe unasikia damu yako ikipita. Kwa mwanamke wa umri wako mwenye watoto wanne na uchovu usioeleweka, kitu cha kwanza kutafuta ni upungufu wa damu, kwa kuwa damu ikipungua nguvu moyo huisukuma kwa kasi na mpigo wake husikika, hasa ukiwa umelala na nyumba imetulia. Ujauzito na presha vinaweza kufanya hivyohivyo. Mara chache huwa ni mshipa wenyewe una kasoro, na mpigo ukiwa wa upande mmoja tu usiokoma, au ukifuatana na kichwa kuuma na macho kuona ukungu, mwambie daktari asiupuuze. Hukuniambia siku zako zinakujaje, kama ni nyingi au zinachelewa, umwambie yeye.

Siku mtakayompeleka mavyaa utakuwa uko palepale karibu na maabara, unangojea majibu ya sukari yake. Usikae bure kwenye benchi. Pima presha, toa kidole chako wakupime wingi wa damu, na kama siku zako zimechelewa omba na kipimo cha mimba.

Bi Mkubwa